Daraja la Chuma la Mto Severn: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Daraja hili liko Shropshire, magharibi mwa Uingereza, na mji mdogo ulioota kando yake ukaitwa kwa jina lake: Ironbridge. Maswali mengi tunayopata yanahusu chuma. Tunayajibu hapa kwa kirefu, lakini msomaji atakayefika nusu ya pili ataona kwamba tangu daraja lifunguliwe, shida yake kubwa haijawa chuma. Imekuwa ardhi ya kingo za mto.

Kwenye chuma pameandikwa 1779, mbona wengine wanasema 1781?

Miaka yote miwili ni sahihi. Maandishi ya ubavu wa nje yanasema daraja lilisubiwa, yaani lilimiminwa kwa chuma kilichoyeyushwa, huko Coalbrookdale, penye viwanda vya chuma vya jirani, na kusimamishwa mwaka MDCCLXXIX, yaani 1779. Ni kweli: tao la chuma lilivuka mto kwa mara ya kwanza tarehe 2 Julai 1779. Ila mbavu tupu si barabara. Ilibaki kutandika sakafu, kuweka uzio wa pembeni na kutengeneza njia za kulifikia, kwa hiyo wasafiri hawakuruhusiwa kupita mpaka 1 Januari 1781. Ukihesabu tangu kazi ilipoanza, Novemba 1777, ujenzi wote ulichukua zaidi ya miaka mitatu.

Kwa nini lilihitajika mahali pale?

Korongo la Severn lilikuwa limejaa machimbo ya makaa ya mawe, tanuri za chuma, viwanda vya vigae na vyungu, na vyote vilikuwa pande mbili za maji. Daraja la karibu lilikuwa Buildwas, kilomita 3 hivi kwenda juu ya mto. Asiyetaka kuzunguka alipanda kivuko, na Severn si mto wa kuaminika: kiangazi maji yanakuwa haba, kipupwe unafurika.

Wenyeji walitaka pia daraja lisilo na nguzo katikati. Severn ulikuwa njia kuu ya biashara, ukipitisha mashua za mizigo zenye mlingoti. Nguzo majini ingezuia vyombo na kukusanya magogo wakati wa mafuriko. Ndiyo maana likahitajika tao moja pana lililoinuka juu, na ndiyo maana barabara yake imepanda mgongo namna ile.

Ni kweli ni daraja la kwanza la chuma duniani?

Ni daraja kubwa la kwanza duniani lililojengwa kwa chuma cha kusubu. Maneno hayo ya mwisho yasiachwe. Huko Asia watu walikuwa wakivuka mito kwa madaraja ya minyororo ya chuma tangu zamani. La Luding, nchini China, ni la 1706. Lyon, Ufaransa, jaribio la daraja la chuma mwaka 1755 liliachwa kwa sababu ya gharama. Jipya la Severn lilikuwa kwamba tao zima la barabara, lenye kubeba magari ya farasi yaliyosheheni, lilitoka kwenye kalibu za kiwandani.

Nani alilibuni na nani alilijenga?

Wazo na michoro ya mwanzo ni vya Thomas Farnolls Pritchard, msanifu majengo wa Shrewsbury. Mwaka 1773 alimwandikia John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma, akipendekeza daraja la chuma. Pritchard alianza maisha yake ya kazi kama seremala, na jambo hilo lina uzito utakaouona kwenye swali la viungo. Alifariki Desemba 1777, kazi ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Aliyeisukuma hadi mwisho ni Abraham Darby III, aliyezaliwa 1750, mrithi wa viwanda vya Coalbrookdale. Babu yake, Abraham Darby I, ndiye aliyefanikiwa mwaka 1709 kuyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza ili salfa na moshi vitoke, badala ya makaa ya miti. Bila hatua ile ya babu, chuma kisingekuwa kingi wala rahisi kiasi cha mtu kuthubutu kukifanyia daraja.

Si kwamba wenye hisa, yaani waliochangia fedha za daraja, wote waliamini. Sheria ya Bunge ya kuruhusu daraja ilipitishwa Machi 1776. Miezi miwili baadaye wakaogopa, wakatangaza zabuni ya daraja la mawe, matofali au mbao. Hakikupatikana cha kuwaridhisha, na kufikia Oktoba wakarudi kwenye chuma.

Chuma cha kusubu ni kipi, na kwa nini umbo la tao?

Ni chuma kilichoyeyushwa kikawa maji, kikamiminwa kwenye kalibu na kuachwa kipoe. Kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, na kaboni hiyo hukifanya kigumu lakini chenye kukatika. Ukikibana, kinabeba mzigo mkubwa sana. Ukikivuta au kukikunja, kinapasuka ghafla bila kuonya. Nondo ya siku hizi hujipinda kwanza kabla ya kukatika, hiki hakijipindi.

Kwa hiyo huwezi kukilaza kama boriti ya mbao kutoka ukingo hadi ukingo. Upande wa chini wa boriti huvutwa, na hapo ndipo kingepasukia. Tao hufanya kazi nyingine: mzigo wa juu husukumwa kwa kubana kutoka kipande hadi kipande, mpaka ufike kwenye maegemeo, yaani kuta nene za mawe za ukingoni zinazopokea miguu ya tao. Chuma kinabaki kimebanwa muda wote. Hesabu hiyo ina sharti moja: maegemeo yasisogee.

Lina upana, uzito na vipande kiasi gani?

Tao lina upana, kutoka mguu mmoja hadi mwingine, wa futi 100 na inchi 6, sawa na mita 30.6. Chuma chake kina uzito wa tani 385 hivi za kipimo cha leo, kikiwa kimegawanyika katika vipande karibu 1,700. Fremu za mbavu ziko 5, zikiwa sambamba. Kila fremu ina pinde tatu, moja nje ya nyingine. Upinde wa ndani ndio mzima, ukipanda kutoka ukingo mmoja na kushuka upande wa pili. Zile za nje hukatishwa na sakafu ya barabara.

Upinde wa ndani umetengenezwa kwa nusu mbili zinazokutana kileleni. Kila nusu ina urefu wa futi 70 hivi (mita 21) na uzito wa zaidi ya tani 5. Nusu 10 za aina hiyo ndizo zilizokuwa mtihani mkubwa wa wasubu. Duara na mikunjo unayoiona pembeni ni pambo zaidi kuliko nguvu.

Waliviunganishaje bila kutegemea boliti?

Kama seremala anavyounganisha mbao. Mwaka 1779 hapakuwa na desturi ya kuunga chuma kikubwa, kwa hiyo walichukua ile waliyoijua. Utaona ulimi ulioingizwa kwenye tundu. Kiungo kinachotanuka mwishoni kama mkia wa ndege ili kisichomoke. Vipande vinavyopita ndani ya vingine kama nguzo kwenye fremu ya paa. Kisha kabari za chuma zikagongwa kukaza kila kiungo. Boliti zilitumika mahali pachache tu, kama kileleni ambapo nusu za mbavu hukutana.

Ufundi wa mbao ukihamishiwa kwenye chuma una taabu zake. Mbao huminyika kidogo ikikazwa. Chuma cha kusubu hakikubali hilo, kabari ikigongwa kupita kiasi tundu linapasuka. Taabu ya pili ni kunywea. Chuma hiki hupungua karibu asilimia 1 kinapopoa, maana yake ubavu wa mita 21 unapungua kwa sentimita 20 hivi kutoka kipimo cha kalibu, na haupungui sawasawa na mwenzake. Ndiyo maana vipande vingi vilisubiwa kimoja kimoja kufuata nafasi yake. Ukipima viwili vinavyoonekana mapacha, tofauti inaweza kufika sentimita kadhaa. Kwa hiyo kipande cha fremu moja hakiwezi kuhamishiwa nyingine, na fundi yeyote wa matengenezo lazima alijue hilo kabla hajafungua kitu.

Mbavu zilipandishwaje bila kreni za leo?

Kwa muda mrefu hili lilikuwa fumbo, kwa sababu michoro ya siku za ujenzi haikuwapo. Mwaka 1997 ilipatikana Stockholm picha ndogo ya rangi za maji ya mchoraji wa Sweden, Elias Martin, aliyelichora daraja likiwa katikati ya ujenzi mwaka 1779. Inaonyesha jukwaa la mbao lenye milingoti, limesimama ndani ya mto wenyewe na linaweza kuhamishwa. Nusu za mbavu zililetwa kwa mashua kutoka kiwanda cha Darby, kama mita 500 upande wa chini wa mto. Zikavutwa kwa kamba kutoka chomboni, zikainuliwa na kuelekezwa mahali pake.

Ni njia ya akili. Maji yalibeba uzito wa safari yote, nchi kavu ikaguswa mwishoni tu, na mto haukulazimika kufungwa kwa kiunzi kutoka ukingo hadi ukingo. Mwaka 2001 mfano wenye nusu ya vipimo vya daraja ulisimamishwa kwa kufuata njia ya picha hiyo, na ikafaulu.

Liligharimu kiasi gani?

Makadirio yalikuwa pauni 3,200 hivi, na Darby alikubali kubeba ziada yoyote. Gharama halisi inadhaniwa ilifika pauni 6,000. Darby, ambaye tayari alikuwa na madeni, aliubeba mzigo huo hadi alipofariki mwaka 1789. Kufikia miaka ya kati ya 1790, ushuru wa daraja ulikuwa ukiwapa wenye hisa gawio la asilimia 8 kwa mwaka. Inauma kuona kwamba faida ilishamiri baada ya aliyeilipia kuondoka.

Nani alilipa ushuru?

Kila mtu. Ubao wa viwango uliopo kwenye nyumba ya ushuru unasema wazi kwamba askari, awe kazini au la, magari ya barua, hata familia ya kifalme, hawana msamaha. Gari la farasi sita lililipa shilingi 2 za Kiingereza za wakati ule. Mtu wa miguu nusu peni. Daraja lilikuwa mali ya wenye hisa, halikuwa la serikali, kwa hiyo hapakuwa na mkubwa wa kupita bure.

Ushuru wa waenda kwa miguu uliendelea mpaka 1950, daraja lilipokabidhiwa kwa halmashauri ya Shropshire.

Mafuriko ya 1795 yalilifanya nini?

Hayakulitikisa. Februari mwaka ule Severn ulipanda vibaya na kuharibu madaraja mengine ya mto huo, la Buildwas likabebwa kabisa. Daraja la chuma lilipita salama kwa sababu mbili. Maji hayakukuta nguzo ya kuipiga katikati ya mto, na mbavu ni kama wavu: mkondo hupenya kati yake badala ya kusukuma ukuta mzima wa mawe.

Hayo ndiyo yaliyokuwa tangazo bora la chuma. Mhandisi Thomas Telford alijenga daraja jipya la Buildwas kwa chuma mwaka 1796, likiwa na upana wa futi 130, yaani zaidi ya hili, huku likitumia chini ya nusu ya uzito wa chuma. Mwaka huohuo watu wa mji wa Sunderland walifungua lao la futi 236.

Basi Darby alitumia chuma kingi mno?

Ukilinganisha na Telford, ndiyo. Lakini Telford alikuwa na mfano wa kuutazama, Darby hakuwa nao. Hapakuwa na kanuni iliyothibitishwa ya tao la chuma, na daraja la kwanza likianguka, pangepita miaka mingi kabla mtu hajathubutu la pili. Uzito ule wa ziada ndio pia uliolisaidia kustahimili miaka ya kingo kusogea. Kwetu sisi haukuwa ubadhirifu.

Nyufa zinatoka wapi kama chuma ni kizuri?

Zinatoka ardhini. Korongo hili kijiolojia ni changa, lilichongwa na maji mwishoni mwa enzi ya barafu. Kuta zake ni tabaka za udongo wa mfinyanzi, mawe laini na makaa ya mawe, tena zimetobolewa na machimbo. Mvua ikipenya, tabaka za juu huteleza juu ya zile zenye utelezi, polepole, kuelekea mtoni.

Maegemeo yamesimama juu ya ardhi hiyo. Ukingo ukisukuma kuelekea maji, miguu ya tao inakaribiana. Tao la mbao lingejikunja kidogo, la mawe lingefungua viungo vyake vya chokaa. La chuma cha kusubu halina pa kukimbilia: kilele kinasukumwa juu, sehemu zilizozoea kubanwa zinaanza kuvutwa, na chuma kinapasuka. Miaka michache tu baada ya kufunguliwa, katika miaka ya 1780, egemeo la kusini lilihitaji kutengenezwa.

Mbona upande wa kusini una matao madogo ya chuma, na kaskazini hakuna?

Ni kovu la tiba ya kwanza. Egemeo la kusini la mawe lilikuwa zito na lilikuwa likisogea. Mwaka 1802 lilibomolewa, na barabara ikabebwa na matao ya mbao kama suluhisho la muda, ili ukingo upunguziwe mzigo. Baadaye mbao ziliondolewa yakawekwa matao madogo ya chuma, ndiyo unayoyaona. Mgeni hudhani ni sehemu ya mchoro wa Pritchard, sivyo.

Ni kweli kuna zege chini ya mto?

Ndiyo, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi muhimu kuliko zote zilizofanywa hapa tangu 1781. Mpango mkubwa wa matengenezo ulianza 1972. Wahandisi hawakuliimarisha tao. Walikwenda kwenye chanzo: walijenga chini ya mto tao la zege lililogeuzwa juu chini, kutoka egemeo hadi egemeo. Kingo zikisukuma kuja ndani, zege linazizuia zisikaribiane, na chuma cha juu hakipati habari.

Kazi ilihitaji kuzungushia boma la kuzuia maji ili mafundi wafanye kazi pakavu. Ilianza masika ya 1973, na matumaini yalikuwa kumaliza kiangazi hichohicho. Mto ukafurika isivyo kawaida kwa msimu ule, maji yakapita juu ya boma, na matumaini yakaishia hapo. Ikabidi kuendelea baadaye.

Kwa nini wasibadilishe tu vipande vyenye nyufa, au kuvichomelea?

Kuchomelea chuma cha kusubu ni hatari. Joto hupanua sehemu ndogo huku jirani yake ikiwa baridi, na ufa mpya huzaliwa kando ya ule uliozibwa. Kubadilisha nako kuna gharama yake, kwa kuwa kila kipande kilitengenezwa kwa nafasi yake.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Ufa mara nyingi umeshapunguza mkazo uliouleta. Ukikifunga kipande kiwe kigumu tena, msukumo unahamia kwa mwenzake na kumpasua huyo. Kwa hiyo baadhi ya nyufa zimefungwa kwa mikanda ya chuma cha kufua, ambacho kinastahimili kuvutwa, na nyingine zimeachwa huru kwa makusudi.

Rangi yake ya asili ni ipi?

Nyekundu ya kahawia iliyokoza. Picha ya zamani ililionyesha na rangi ya buluu ya kijivu, lakini uchunguzi wa mabaki ya rangi kwenye chuma chenyewe ndio ulioamua. English Heritage, shirika la urithi wa kale linalolitunza, walilisafisha, wakatengeneza sehemu zilizochoka na kulipaka rangi hiyo katika mradi wa 2017 na 2018, uliogharimu pauni milioni 3.6.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika karne ya 20 halikupakwa rangi mpaka 1980, likiandaliwa kwa miaka 200 ya kufunguliwa. Chuma cha kusubu hutoka kwenye kalibu ya mchanga na ganda gumu la juu linalochelewesha kutu. Hilo halimaanishi rangi ni anasa: maji yanayokaa ndani ya viungo hayaonekani, na kutu huvimba na kutanua tundu kutoka ndani.

Kwa nini magari hayapiti tena?

Lilifungwa kwa magari mwaka 1934, na mwaka huohuo likawekwa chini ya ulinzi wa sheria kama jengo la kale. Uzito na mtikisiko wa magari ya mota haukuwa mzigo lililotengenezewa. Tangu 1909 palikuwa na daraja la zege upande wa chini wa mto, lililoitwa la bure kwa kuwa halikutoza ushuru. Mwaka 1986 korongo lote liliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Nikienda, nitazame nini?

Kulivuka kwa miguu ni bure. Kwanza soma ubao wa viwango kwenye nyumba ya ushuru. Kisha simama katikati ya daraja na uutazame mteremko kila upande, upate kuelewa mashua zilihitaji nafasi kiasi gani.

Baada ya hapo shuka chini, maana uzuri wote uko huko. Epuka siku za mto kujaa, kwani njia za ukingoni hufunikwa na maji. Tafuta maandishi ya 1779 kwenye ubavu wa nje. Fuata ubavu mmoja mpaka ukutane na kiungo, uhesabu kabari zake. Chungulia nyuso za mbavu: upande uliokuwa juu kwenye kalibu ya wazi ya mchanga una vishimo vya mapovu na ukwaru, kwa sababu chuma kilipoa kikitazama hewa. Mwisho nenda upande wa kusini, chini ya matao madogo, utafute mikanda iliyokumbatia nyufa. Ukiwa na darubini ndogo utaona pia mahali ambapo ufa umeachwa wazi, na rangi mpya ya kahawia imeufuata hadi ndani.